Meza Mbili za Watu Watatu

Meneja wa hoteli aliniuliza mara tatu kwenye simu kama nina uhakika. Watu watatu, meza mbili? Nikamwambia ndiyo. Meza zisigusane? Ndiyo. Na yule wa meza ya nyuma atakaa peke yake? Nikamwambia yule wa meza ya nyuma ndiye mimi ninayezungumza naye, asinionee huruma, aniwekee kiti tu.

Meneja huyo alikuwa mgeni Mbeya. Waajiri wake walimleta kutoka Dar es Salaam aje kuanzisha mgahawa wa nyama wa Kiitaliano ghorofa ya nne ya hoteli yao, pale katikati ya mji. Mimi nilikuwa namuuzia mchele. Nanunua mpunga Ubaruku, naukoboa hukohuko, nauleta mjini, na yeye alikuwa mteja wangu mpya. Alikuwa amenikaribisha nije na familia siku moja nile kwake, nione mchele wangu unavyopikwa na watu wanaojua. Ndivyo alivyosema, watu wanaojua. Niliyameza maneno hayo kwa sababu mteja ni mteja.

Habari ya meza mbili sikumweleza. Ningeanzia wapi? Mume wangu ni Mnyakyusa wa Rungwe, mimi ni Mhehe wa Iringa. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawatazamani usoni, hawasemezani, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Siku hizi wengi wameacha, hasa wa mjini, na hata mchungaji wao alishawaambia hakuna dhambi. Baba mkwe wangu hakuacha. Katika miaka kumi na moja ya ndoa yangu nilimjua kwa viatu, kwa mgongo na kwa kikohozi. Uso wake sikuwahi kuuona hata siku moja.

Akija kwetu alikuwa anakohoa tangu getini. Nikisikia kikohozi natokea mlango wa jikoni, hata kama mikono ina unga, nakaa uani mpaka aondoke. Salamu zangu zilimfikia kupitia kwa mume wangu na zake zilirudi kwa njia hiyohiyo, ingawa kati yetu ulikuwapo ukuta wa tofali moja na kila mtu alimsikia mwenzake vizuri kabisa. "Mwambie shikamoo." "Mwambie marahaba, na kwao Iringa hawajambo?" Mume wangu alikuwa anarudia kila neno kwa adabu zote, kana kwamba sisi wawili ni viziwi.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sioni aibu kusema. Mwanzoni niliona ni mchezo, nikacheka. Baadaye nikachukia. Nilimwambia mume wangu baba yake ananiona mimi ni ugonjwa wa kuambukiza. Akanijibu taratibu kwamba marehemu mama yake alimkimbia baba mkwe wake kwa namna hiyohiyo, miaka na miaka, akiwa na mimba, akiwa na ndoo ya maji kichwani, akipita kwenye matope ili mzee asimwone. Na baba yake aliyaona yote yale. Akiuacha mwiko kirahisi leo, itakuwa kama anamwambia marehemu mkewe kwamba alihangaika bure. Tangu siku hiyo nikaacha kulalamika, jambo ambalo kwangu si la kawaida.

Mama mkwe alipofariki, mzee alibaki peke yake na migomba yake. Macho yakaanza kumfifia. Mvua za mwaka juzi aliteleza akaangukia mfereji pembeni ya shamba, akalala humo tangu asubuhi mpaka jirani alipopita mchana akitafuta ndama wake. Tulikwenda hospitali wote wawili. Mume wangu akaingia wodini, mimi nikakaa kwenye benchi la nje, nikamsikia mzee anamlaumu aliyechimba mfereji, na mfereji wenyewe aliuchimba yeye.

Pale kwenye benchi ndipo niliposema basi, huyu mzee anahamia kwetu. Baba yangu mimi alifia Iringa peke yake, wakati nipo Ubaruku nasimamia mashine katika msimu wa mavuno. Nilikuwa nimepanga kwenda kumwona wiki inayofuata. Nilipofika nikakuta turubai limeshafungwa uani na wanawake wanapika. Sikutaka kufika kwa mzee wa pili nikakuta turubai.

Mume wangu alimpelekea baba yake neno hilo, akarudi na jibu. Mzee alikuwa ameuliza: "Nyumba ile ni ya mkamwana. Mimi nikiingia, yeye atakimbilia wapi?"

Nyumba yetu ina vyumba vitatu na choo kimoja.

Tukafaulu kumshawishi jambo moja tu, akubali kutolewa mtoto wa jicho. Akaja Mbeya, akafanyiwa jicho la kulia, na siku zote za matibabu akafikia gesti iliyo mtaa wa pili kutoka kwetu. Baba ana mwanawe mjini, analala gesti. Majirani waliniangalia kwa jicho la kusema huyu Mhehe kamfukuza mkwewe. Nilikuwa napika, hotpoti zinapelekwa na mume wangu, zinarudi zimeoshwa na neno moja la Kinyakyusa, ndaga, asante. Aliziosha mwenyewe, na jicho moja limefungwa kitambaa. Kesho yake baada ya kufunguliwa kitambaa angerudi Rungwe, na mimi nilijua akisharudi safari ile, kumtoa tena itakuwa kazi.

Ndipo nikaukumbuka mwaliko wa meneja. Hoteli si nyumba ya mkamwana. Nikamwambia mume wangu ampeleke baba yake akale pale siku ileile ya kufunguliwa kitambaa, mimi nitakaa meza yangu, na humo katikati ya kula atafute nafasi amwambie tena habari ya kuhamia. Mume wangu alisema mzee hatakubali kuingia hotelini. Nikamwambia amtajie nyama. Baba mkwe alikuwa na bucha sokoni Tukuyu kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipoambiwa kuna Waitaliano wanaowafundisha watu wa Mbeya kula nyama, aliuliza ni saa ngapi.

Mpango niliupanga mwenyewe, na nilijiona nina akili sana. Mzee na mwanawe wangekaa meza ya mbele, wakitazama dirisha kubwa la kioo, ili jicho jipya lipate kuuona mlima Loleza. Mimi ningekaa meza ya nyuma yao, nikitazama hukohuko walikotazama. Yeye hanioni, mimi namwona mgongo tu, lakini naona kama anakosa kitu. Nilipanda kwa ngazi ili lifti niwaachie wao. Nikajifungia msalani mpaka ujumbe ulipoingia kwenye simu: "Ameketi." Nikatoka kwa kunyata, mwanamke mzima na viatu vya kisigino mkononi, nikaketi mahali pangu.

Kilikuwa chumba kizuri, siwezi kusema uongo. Vitambaa vyeupe, glasi zenye shingo ndefu, visu vizito. Mhudumu wetu alikuwa mama wa makamo mwenye aproni nyeusi. Alivyotamka "karibu" nikajua ni wa kwetu, nikamsalimu kwa Kihehe, "Kamwene," naye akaitikia akaniinamia sikioni.

"Dada, na wale wa meza ile mmegombana?"

"Ni baba mkwe wangu."

"Mnyakyusa?"

"Mnyakyusa."

"Pole," akasema, akanimiminia maji mpaka juu.

Kwanza kikaja chakula cha mchele wangu. Nasema mchele wangu kwa sababu niliutambua kwa harufu tu. Vinginevyo nisingeutambua. Mchele ambao punje zake nazichambua kuondoa zilizovunjika, waliukoroga na supu na jibini mpaka ukawa bokoboko. Kwetu wali ukitoka hivyo mpishi anaomba radhi. Nilikuwa nimeshasukuma kiti niende jikoni nikaulize nani kafanya hivi, mume wangu akageuka akanitolea macho. Nikakaa. Nikaonja. Haukuwa mbaya, lakini mpaka leo sijamwambia meneja hivyo.

Meza ya mbele kulikuwa na mahojiano. Mzee alitaka kujua nyama imetoka sehemu gani ya ng'ombe. Mhudumu akasema mgongoni, na mfupa wake. Ng'ombe wa wapi? Wa huku kwetu Mbarali. Kachinjwa lini? Hapo yule mama akasema kwa fahari, kama alivyofundishwa, kwamba nyama yao hukaa kwenye baridi wiki tatu ili ilainike.

Mgongo wa mzee ukanyooka. "Wiki tatu?"

"Ndiyo, baba. Ndiyo inavyotakiwa."

"Mimi ningefungiwa bucha," akasema mzee.

Mhudumu akauliza wanaipenda iive kiasi gani. Mzee akasema, "Iive." Akaelezwa kuna kuiva kidogo, kuna kuiva kiasi. Akasikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akasema tena, "Iive." Nilikuwa nacheka ndani ya kitambaa cha meza. Nilikuwa napenda mgongo ule. Ulikuwa umepinda kidogo upande wa kulia, nadhani ni kwa miaka ya kubeba mapaja ya ng'ombe, na koti lake la kanisani lilikuwa limepigwa pasi na mtu wa gesti asiyejua pasi.

Nyama ikaja, kipande kimoja kikubwa kwenye ubao, mfupa katikati. Ndani ilikuwa bado nyekundu. Ikarudishwa jikoni. Na katika kuisubiri ndipo mume wangu alipoanza, kama tulivyokubaliana. Nilimsikia anasema, "Baba, ile habari ya kuja kukaa na sisi." Mzee alikuwa anautazama mlima. Jua lilikuwa linazama na Loleza ulikuwa unabadilika rangi, na nadhani alikuwa hajauona mlima wowote sawasawa kwa miaka miwili. Mume wangu akasema tena. Mzee akasema, "Nilishajibu."

Aliyasema bila ukali hata kidogo, na hilo ndilo lililonivunja nguvu.

Wakati huo giza lilikuwa linaingia nje na mhudumu akawasha taa zote za ndani. Mimi ambaye nilihesabu meza, viti, lifti na ngazi, nilikisahau kioo. Taa zilipowaka mlima ukapotea, na mahali pake tukawapo sisi. Nikaona mgahawa mzima umejaa dirishani. Nikamwona mume wangu. Nikamwona mzee, uso wake mzima, ananitazama.

Sijui tulitazamana kwa muda gani. Najua nilichokiona. Nyusi za mume wangu zilikuwa pale, zimekuwa nyeupe. Nilikuwa nimeolewa na nyusi zile miaka kumi na moja bila kujua zinatoka kwa nani. Jicho la kushoto lilikuwa na ukungu, la kulia lilikuwa safi na bado jekundu pembeni, na lile safi ndilo lililoniona. Halafu nikapata akili, nikainyakua menyu, ilikuwa kubwa kama gazeti, nikajifunika uso. Glasi ya maji ikainama, nusu yake ikanimwagikia mapajani.

Nyuma ya menyu ile nilijitukana kimoyomoyo kwa Kihehe na kwa Kiswahili. Sasa nimeharibu kila kitu. Heshima aliyoitunza miaka yote mimi nimeivunja kwa ajili ya kumwonyesha mlima. Ataondoka na basi la kwanza, na safari hii hata hotpoti zangu hatazipokea. Nikaanza kulia, tena kwa hasira, maana machozi yangu mengi hutoka njia hiyo. Nikaishusha menyu kujifuta macho, nikaipandisha tena.

Kisha nikasikia ubao unawekwa meza ya mbele, nyama imerudi. Nikasikia mhudumu anataka kuikata, na mzee anamwambia, "Lete hicho kisu, mama. Hii kazi naijua." Nilichungulia kwa pembeni ya menyu. Sikukitazama kioo, nilitazama mikono. Aliitenga nyama na mfupa kwa kupitisha kisu mara mbili tu. Mhudumu aliacha kufanya mambo mengine akasimama kumwangalia.

"Unamkumbuka babu yangu?" mzee akamwuliza mwanawe. Aliongeza sauti kuliko inavyohitajika kwa mtu aliyekaa naye meza moja.

"Simkumbuki, baba. Nilikuwa sijazaliwa."

"Alipofuka kabisa. Alikuwa na watoto wanaume saba, wote wako migodini au barabarani. Aliyebaki nyumbani ni mama yangu, mkamwana wake. Mzee anataka kwenda msalani, nani amshike mkono? Mama yangu anakaa mbali analia, na yeye anakaa analia. Siku ya tatu akamwita ndugu yake, akasema leteni ng'ombe, mpeni mkamwana. Akamfungulia mwiko. Tangu siku ile mama alimshika mkono mpaka alipokufa, na hakuna mtu aliyemcheka."

Nami nilisogeza kiti mbele nisipitwe na neno.

"Mama yako alikuwa hajui habari hii," mzee akaendelea, na hapo sauti ikashuka. "Sikumwambia. Niliogopa ataniuliza mbona baba yangu hakumfungulia yeye. Ningemjibu nini?" Akakifuta kisu. "Huyu mkamwana mwenzake nimemwona analia. Nimeona kwa jicho nililolipata kwa taabu. Siwezi kusema sikuona."

Akachagua kipande. Mtu wa bucha hakosei kipande. Alichukua nyama ya ndani kabisa, karibu na mfupa, akaiweka kwenye sahani safi, akaifuta sahani ukingoni kwa kitambaa, akampa mhudumu.

"Mpelekee yule. Mwambie ng'ombe mzima sina, niliuza wa mwisho kwa ajili ya jicho. Lakini hii nayo ni ng'ombe."

Yule mama wa Iringa alitembea hatua nne na sahani ile kwa mikono miwili, akaiweka mbele yangu, akaanza kunirudia maneno neno kwa neno. Nikamwambia nimesikia. Akasema anajua nimesikia, lakini ametumwa. Akarudia mpaka mwisho.

Nilikula nyama ile kwa mkono. Visu vilikuwapo vitatu upande wa kulia, sikugusa hata kimoja. Ilikuwa imeiva mno kwa Waitaliano na kwangu ilikuwa sawasawa, ina chumvi ya machozi na moshi, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata katika chakula chochote. Nilipomaliza nikanawa kwa maji yaliyobaki kwenye glasi. Nikasimama. Sikujua nifanye nini na miguu yangu, imezoea kukimbia. Nilizunguka meza yao polepole, mume wangu akanivutia kiti, nikapiga magoti kidogo kabla ya kuketi, macho chini.

Mzee alivua kofia akaiweka mezani, akaichukua, akaivaa tena. Niliona yeye anaogopa kuliko mimi, na kujua hivyo kulinisaidia kuinua uso.

Akakohoa kile kikohozi cha getini. Safari hii sikuwa na pa kwenda.

"Mkamwana," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita. "Mimi nakoroma. Nakoroma sana, toka ujana. Usije ukasema hukuambiwa."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia mtu huyu kwa miaka kumi na moja, mengine mazuri, mengine ya ugomvi, na hakuna hata moja lililonijia.

"Shikamoo, baba," nikasema. "Tumeshazoea. Na mwanao anakoroma."